Gesi ya Kucheka, Gari la Supachaja na Kitufe Nilichokataa Kukiunganisha

Najua nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na mara ya mwisho niliahidi kuandika kuhusu hifadhidata. Naomba mnisamehe, ahadi hiyo itasubiri kidogo. Kuna jambo limenikaa kooni tangu nilipokuwa Embu, na nisipoliandika sitapata usingizi. Ni jambo la magari, lakini msikimbie. Mtaona kwamba ni la kompyuta kuliko mnavyodhani.

Binamu yangu anaishi Meru. Ni mkubwa wangu kwa miaka minne na ni mtu wa magari tangu tukiwa wadogo, enzi za kutengeneza vigari vya waya na vifuniko vya chupa. Mwaka jana alinunua gari la michezo, lile la viti viwili, lenye supachaja iliyotoka nalo kiwandani. Sitalitaja jina wala kampuni, kwa sababu mengi nitakayosema yanatokana na uzee wa gari na si kosa la aliyeliunda. Siku moja akanipigia simu.

"Msomi, Jumamosi uko wapi?"

"Niko tu, kaka."

"Basi njoo Embu, kwa fundi. Kuna waya tunataka utuunganishie. Wewe ndiwe mtu wa kompyuta."

"Waya za nini?"

"Naitrasi," akasema, kwa sauti ya mtu anayetangaza harusi.

Nilienda. Jioni nikarudi na kitufe kimoja chekundu mfukoni, na hadi leo kitufe hicho kiko kwenye droo ya meza yangu. Makala haya ni kueleza kwa nini nilikichukua.

NAITRASI NI NINI HASA?

Tuanze na msingi, maana mambo mengi yanayosemwa vijiweni kuhusu gesi hii si kweli.

Naitrasi oksaidi ni gesi yenye chembe 2 za nitrojeni na 1 ya oksijeni. Mwaka 1799 mwanasayansi Mwingereza Humphry Davy aliivuta mwenyewe, akafurahi sana, na ndiyo sababu ikaitwa gesi ya kucheka. Hospitalini hutumiwa hadi leo kupunguza maumivu. Yenyewe haiwaki. Ukisikia mtu akisema naitrasi ni "petroli kali", mwambie amekosea. Kazi yake ni kuleta oksijeni, na oksijeni ndiyo inayoruhusu petroli nyingi zaidi kuungua ndani ya silinda.

Kwa uzito, hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 23 hivi. Naitrasi ina asilimia 36. Joto la ndani ya silinda huivunja ile gesi, oksijeni inakuwa huru, na kila tone la petroli utakaloongeza linapata mwenzake wa kuungua naye. Kuna faida nyingine pia: gesi hii hukaa kama kimiminika ndani ya chupa, na ikitoka nje huchemka kwenye nyuzi 88 chini ya sifuri. Kwa hiyo inapopulizwa kwenye njia ya hewa huipoza hewa hiyo sana, na hewa baridi hushikamana zaidi.

Wengi wetu tuliijua kupitia filamu ya The Fast and the Furious ya 2001, dereva anabonyeza kitufe na taa za barabarani zinageuka kuwa mistari. Lakini historia yake ni ya zamani zaidi na, kwa watu wa mlimani kama sisi, inavutia zaidi. Katika Vita vya Pili vya Dunia, Wajerumani walikuwa na mfumo ulioitwa GM-1 ambao uliingiza naitrasi kwenye injini za ndege za kivita kama Messerschmitt Bf 109. Injini hizo tayari zilikuwa na supachaja. Shida ni kwamba ndege ikipanda juu sana, hewa inakuwa nyembamba hata supachaja inaishiwa pumzi. Gesi ya chupa ikaja kujaza pengo hilo. Waingereza nao waliitumia kwenye baadhi ya ndege zao za Mosquito.

Kwa hiyo kuoanisha supachaja na naitrasi si uvumbuzi wa vijana wa mtandaoni. Kulianza kama jibu la tatizo la kimo.

SUPACHAJA NA MLIMA KENYA

Hapa ndipo hoja ya binamu ilipokuwa na nguvu, na lazima nimtendee haki.

Mji wa Embu uko kama mita 1,350 juu ya bahari. Meru iko karibu mita 1,550. Kwenye mita 1,500 shinikizo la hewa ni kama asilimia 84 ya lile la Mombasa. Maana yake, injini ya kawaida ikija huku juu inapoteza karibu moja ya sita ya pumzi yake kabla hujakanyaga mafuta. Ukipanda kwenda Timau unapita mita 2,000, na hapo umebaki na chini ya asilimia 79.

Tabo, ile tunayoizoea kwenye Subaru, huzungushwa na moshi unaotoka kwenye injini. Hewa ikiwa nyembamba, kompyuta ya gari inaweza kuiacha izunguke haraka zaidi na kufidia kiasi fulani. Supachaja ni tofauti. Inazungushwa na mkanda uliofungwa kwenye injini yenyewe. Injini ikizunguka mara moja, supachaja inazunguka idadi ileile, iwe Lamu au Timau. Haijui kwamba imepanda mlima. Ndiyo maana wenye Mercedes-Benz zilizoandikwa Kompressor nyuma, au Mini Cooper S za mwanzo za miaka ya 2000, au zile Toyota MR2 za zamani zenye injini ya 4A-GZE, husema gari liliruka pwani na likachoka milimani. Hawasemi uongo.

Zaidi ya hapo, supachaja ya mkanda huipasha hewa moto inapoisukuma, na hewa ya moto huifanya injini "igonge", yaani mchanganyiko kulipuka kabla ya wakati wake. Naitrasi inakuja na oksijeni yake isiyojali kimo, na inapoza hewa hiyohiyo iliyopashwa moto. Kwenye karatasi, huwezi kupata ndoa nzuri kuliko hiyo.

"Unaona?" binamu aliniambia. "Hata sayansi iko upande wangu."

Nikamwambia sayansi iko upande wake. Ninachobishana nacho ni kile kitufe.

JINSI INAVYOFUNGWA

Fundi wa Embu ni mzee wa makamo, mikono yake inajua injini kuliko nitakavyowahi kuijua. Alikuwa amevitandaza vifaa vyote kwenye gunia: seti ya nguvu za farasi 50, ndogo kabisa kwenye orodha.

Kwanza kuna chupa, kilo 4.5 za gesi ikijaa. Inafungwa kwenye buti kwa vyuma imara, ikiwa imelala kwa mwinamo unaofuata mrija wa ndani ili itoe kimiminika na isitoe mvuke. Kutoka hapo paipu iliyosukwa kwa nyuzi za chuma inapita chini ya gari, mbali na ekzosi, hadi mbele. Mbele kuna valvu 2 za umeme: moja ya gesi, nyingine ya petroli. Zote mbili zinafunguka kwa pamoja na kupeleka kwenye jeti moja iliyotobolewa kwenye njia ya hewa, baada ya supachaja. Huo unaitwa mfumo wa maji, kwa sababu unapuliza gesi pamoja na petroli yake. Mfumo mkavu unapuliza gesi pekee na kuiachia kompyuta ya gari kazi ya kuongeza petroli.

Halafu kuna rele, fyuzi, swichi kuu ya kutayarisha, na kitufe cha kupulizia. Plagi zinabadilishwa ziwe za baridi zaidi. Muda wa cheche unarudishwa nyuma, na kanuni ya mafundi ni nyuzi 2 hivi kwa kila farasi 50.

Mzee alinieleza haya yote vizuri. Kisha akaninyoshea kile kitufe chekundu.

"Sasa hiki, kijana, tunakiweka kwenye gia. Akibonyeza, inapuliza. Akiachilia, inakata. Waya 2 tu."

"Na akibonyeza injini ikiwa kwenye mizunguko 1,500?"

"Hatabonyeza."

"Na kikikwama?"

Mzee akacheka. "Kijana, wewe unafikiria mambo mabaya sana."

Nikamjibu kwa heshima kwamba mimi hulipwa kufikiria mambo mabaya.

KITUFE HAKINA AKILI

Hapa ndipo naomba wasomaji wangu wa programu wanisikilize.

Ukiandika fomu ya tovuti na ukaruhusu chochote anachoandika mtumiaji kiingie moja kwa moja kwenye hifadhidata, tunakuita mzembe. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa: usiamini kinachoingia, kikague kwanza. Lakini kitufe chenye waya 2 ni hiyohiyo fomu isiyokagua. Dereva aliyesisimka ndiye mtumiaji, injini ndiyo hifadhidata. Tofauti ni kwamba injini haina nakala ya akiba ya kurejeshea.

Hebu tazama yanayoweza kwenda mrama:

1. Gesi ikipulizwa mizunguko ikiwa chini, silinda inapokea mlipuko mkubwa pistoni ikiwa inakwenda polepole. Mikono ya pistoni hupinda.

2. Gesi ikipulizwa injini ikiwa imezima, inajaa kwenye njia ya hewa ikisubiri cheche. Ukiwasha, mlipuko unatokea nje ya silinda.

3. Injini ikifika kikomo cha mizunguko, kompyuta ya gari hukata mafuta yake ili kuilinda. Kitufe hakina habari. Kinaendelea kupuliza.

4. Pampu ya petroli ikichoka, gesi inakuja na petroli yake haiji. Oksijeni nyingi bila mafuta ya kutosha ni joto la kutoboa pistoni, na hilo ni suala la sekunde.

5. Chupa ikipata joto, shinikizo linapanda. Kwenye nyuzi 20 ni karibu mara 50 ya hewa ya kawaida. Kwenye nyuzi 30 ni kama mara 63. Jeti ni ileile, lakini sasa inapitisha gesi zaidi kwa karibu asilimia 12, na petroli haijaongezeka hata tone.

Hilo la tano ndilo lililonitia hofu kuliko yote, kwa sababu ya mahali tulipo. Binamu anaondoka Meru asubuhi ya Julai akiwa amevaa sweta. Adhuhuri anaweza kuwa Kiritiri au Ishiara, kwenye uwanda wa Mbeere ambako jua halina mzaha. Umbali si mkubwa, lakini chupa ni kama imevuka nchi. Na ikiachwa kwenye buti juani ikapita nyuzi 36.4, hakuna tena kimiminika na mvuke ndani yake, ni kitu kimoja, na vipimo ulivyofanya asubuhi havina maana. Kipimo kilicho sahihi Meru ni kosa Mbeere. Ni kama programu inayofanya kazi vizuri kwenye mashine yako na kuanguka kwa mteja :-)

Kwa hiyo nilichukua karatasi, nikamwandikia mzee hivi:

KAMA swichi kuu imewashwa
NA kikanyagio kimefika mwisho
NA mizunguko iko juu ya 3,000
NA mizunguko iko chini ya 5,800
NA shinikizo la petroli ni zuri
NA shinikizo la chupa liko ndani ya mipaka
NA injini haigongi
BASI fungua valvu
VINGINEVYO funga, na uandike sababu.

Hayo ni masharti 7 kabla ya tendo 1. Kidhibiti kidogo kama Arduino kinaweza kuyakagua yote mara mia kwa sekunde na bado kikabaki na muda wa kupumzika. Wapo pia watengenezaji wanaouza vidhibiti vilivyo tayari kwa kazi hiyohiyo. Lakini kwenye gunia la mzee hakukuwa na kidhibiti. Kulikuwa na waya 2 na kitufe, kwa sababu kitufe ndicho kinachoonekana kwenye filamu.

TULIPOSOMA LOGI

Nilikuwa nimebeba laptopu na kile kifaa kidogo cha kusomea kompyuta ya gari, kinachochomekwa chini ya usukani. Nikamwomba binamu jambo moja: kabla ya kufunga chochote, twende tukaendeshe gari kama kawaida, mimi nirekodi.

Tukatoka Embu kuelekea Runyenjes, tukashuka hadi mto Thuci, tukapanda upande wa pili kuingia Tharaka Nithi hadi Chuka, tukarudi. Mnaoijua barabara hiyo mnajua ilivyo: inateremka kwenye bonde la mto, inapinda, inapanda, kisha bonde jingine. Hakuna mahali pazuri zaidi pa kulipima gari.

Tuliporudi tukafungua logi juu ya bonneti, mzee akavaa miwani yake.

Gari likiwa limesimama na injini inanguruma tu, kompyuta ilikuwa ikiongeza petroli kwa zaidi ya asilimia 15 kuliko ilivyopangiwa. Maana yake kuna hewa inaingia kwa mlango wa nyuma bila kupimwa. Kwenye kila mpando, joto la hewa inayoingia lilipanda haraka, na kompyuta ikawa inarudisha muda wa cheche nyuma, tena na tena. Kwa lugha nyepesi, injini ilikuwa tayari inalia, na kompyuta ilikuwa inaificha ile kilio kwa kupunguza nguvu.

Mzee hakusema kitu. Alichukua tochi akainama. Baada ya kama dakika 10 akatoa paipu ya mpira ya kupumulia injini, imepasuka kwa uzee kama udongo wa kiangazi. Akapata kibano kilicholegea kwenye njia ya hewa baada ya supachaja, hewa iliyosukumwa kwa bidii ikivujia nje. Kipoza hewa cha mbele kilikuwa kimejaa tope lililokauka. Plagi zilikuwa zimechoka siku nyingi.

Sasa fikiria tungefunga naitrasi juu ya hayo. Tungeongeza farasi 50 kwenye injini ambayo kompyuta yake inahangaika kuiokoa, kisha tungeipitia ile kompyuta pembeni kwa waya 2 ambazo haziioni.

Wikendi iliyofuata vilibadilishwa vyote. Gharama haikufika hata robo ya bei ya seti ile. Tukarudia njia ileile: marekebisho ya petroli yakashuka hadi asilimia 3, cheche ikatulia. Binamu alipopanda kutoka Thuci aligeuka akanitazama bila kusema neno. Gari alilodhani alilinunua lilikuwa limejificha humo ndani muda wote.

BARABARA HII HAIJAPUNGUKIWA NA MWENDO

Kuna la mwisho, na hili si la ufundi.

Barabara ya Embu hadi Meru tunaijua kwa sauti zake. Magari ya miraa kutoka Igembe hukimbizana na saa kwa sababu miraa ikinyauka haina bei. Upande wa Embu, muguka wa Mbeere una haraka ileile. Hakuna naitrasi kwenye magari hayo, na bado tunawapisha tukiwa tumeshika roho. Tarehe 24 Julai 2022 basi lilitumbukia kwenye Daraja la Nithi na watu zaidi ya 30 wakafa. Halikuwa la kwanza kuanguka pale. Ukipita hapo na mtu wa Chuka au Chogoria, atanyamaza kidogo.

Kwa hiyo mtu akiniambia anataka farasi 50 zaidi kwa ajili ya barabara hii, nauliza: za kufanyia nini? Mjini mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Nje ya mji kuna bodaboda bila taa, watoto wa shule, ng'ombe, na lori la ndizi linalopanda kwa gia ya kwanza. Tatizo la barabara hii halijawahi kuwa upungufu wa mwendo.

Na gari la binamu lina viti 2. Cha pili, Jumapili nyingi, hukaliwa na binti yake wa miaka 9 wakienda kumsalimia nyanya yake Chogoria. Chupa ingekaa kwenye buti, mgongoni pa mtoto huyo. Chupa hizi zina kizibo cha usalama kinachopasuka shinikizo likizidi, na kinatakiwa kiunganishwe na bomba la kutolea gesi nje ya gari. Kwenye gunia la mzee bomba hilo halikuwepo. Kizibo kikipasuka bila bomba, gesi inajaa ndani ya gari na kuifukuza hewa. Hospitalini gesi hii hutolewa ikiwa imechanganywa na oksijeni, na mtaalamu yuko kando. Ndani ya gari lililofungwa vioo hakuna mtaalamu.

Nilimwambia binamu hayo tukiwa wawili, mzee akiwa ameenda kunywa chai. Akakasirika kidogo. "Huko ng'ambo wanafunga kila siku. Wewe ni mwoga tu." Nikamwambia huko ng'ambo wengi hufunga kwa ajili ya uwanja uliofungwa, penye gari la wagonjwa na zimamoto kando. Na mwoga ndiye anayefaa kuandika programu ya kitu kinachoweza kuua.

MSIMAMO WANGU

Sisemi naitrasi ni haramu. Ninaipenda. Ni uhandisi mzuri, na kwa gari la supachaja linaloishi mlimani ni jibu lenye akili kuliko kubadilisha mkanda au kulazimisha supachaja izunguke kupita uwezo wake. Ninachopinga ni mpangilio wetu wa ununuzi: tunanunua chupa kwanza, kitufe cha pili, na akili ya mfumo hatuinunui kabisa.

Mpangilio wangu ni huu, na naomba anayefikiria kufunga kitu hiki auzingatie:

Soma logi kwanza. Kifaa cha kusomea ni bei ya chakula cha mchana cha watu wachache. Kama kompyuta ya gari inarudisha cheche nyuma kabla ya gesi, huna haki ya kuongeza gesi.

Tengeneza kilichoharibika. Mara nyingi nguvu unayoitafuta iko ndani ya paipu iliyopasuka.

Nunua au uandike kidhibiti kabla ya kununua chupa. Kama bajeti haitoshi vyote viwili, subiri.

Pima shinikizo la chupa kila mara, na usiipashe joto kwa moto, hata kama kuna baridi ya Meru. Bomba la kutolea gesi nje si pambo.

Isome bima yako. Mabadiliko usiyoyataja yanaweza kuwa sababu ya kukataliwa malipo siku unapoyahitaji.

Na pulizia mahali palipofungwa tu. Kenya ina mashindano ya magari yanayotambulika, na yapo ya kupanda mlima kwa saa, kama yale ya Kiamburing kule Kiambu, ambako barabara hufungwa na kila dereva hukimbia peke yake. Waulize kwanza kama kanuni zao zinaruhusu gesi. Wakikataa, umepata jibu.

Tulivyoachana ni hivi. Seti iko kwa mzee, chini ya meza, imefunikwa gunia lake. Nimekubali kuandika programu ya kidhibiti, masharti yote 7, na kuijaribu mezani kwa taa mahali pa valvu mpaka nichoke. Binamu amekubali kwamba chupa haitaingia kwenye gari siku ambayo binti yake yuko ndani. Alitaka nimrudishie kitufe kama dhamana. Nikamwambia dhamana ninakaa nayo mimi.

Jana usiku alinitumia ujumbe: "Msomi, programu imefika wapi?" Nimefika sharti la tano. Shinikizo la petroli linanisumbua: sensa niliyopata inatoa namba zinazorukaruka, na sitaki kuandika "BASI fungua valvu" kwa kuamini namba inayorukaruka. Nikipata njia ya kuituliza nitawaonyesha hapa, mistari yote, mwenye kutaka aikosoe.

Hifadhidata? Wiki ijayo, naahidi tena :-)